Kero ya mtaa wako mtandaoni: tafuta muhuri kwanza, posti ifuate

Nina kibanda cha steshenari hapa Mtwara mjini, natoa kopi, nachapa barua, najaza fomu za ajira na za mkopo. Kila wiki lazima aingie mtu, mara nyingi kijana wa bodaboda au mama aliyeshuka na gari la asubuhi kutoka Nanyamba, simu mkononi, anasema "kaka hebu nipangie haya maneno niweke Facebook, nataka wakubwa wayaone". Nikisoma ni matusi kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, kero yenyewe hata haijatajwa. Alafu maswali yanafuata, yale yale: nitakamatwa? nitumie akaunti feki? nimtagi nani? mbona fulani aliposti kikaeleweka mimi nikiposti kimya?

Nimejibu mpaka mate yamekauka, kwahiyo naandika hapa mara moja, akija mwingine namwonyesha. Mimi sio mwanasheria wala sina chama, ni mtu wa kuchapa barua tu, ila barua za watu ndo zimenifundisha.

Sheria kwa ufupi kabisa. Ibara ya 18 ya Katiba yetu ya 1977 inakupa uhuru wa kuwa na maoni na kuyasema, na kutafuta, kupokea na kutoa habari. Hiyo ni mkono mmoja. Mkono wa pili kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inayomhusu mtu anayesambaza taarifa huku anajua ni ya uongo kwa nia ya kuchafua, kutishia, kutukana au kupotosha watu, adhabu yake ni faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3, au vyote viwili. Njia unayopita wewe iko katikati ya hiyo mikono miwili. Inapitika, ila sio kwa kukimbia.

KABLA HUJAANZA UWE NA HIVI

- Daftari dogo na kalamu. Ndio, daftari. Simu inaibiwa, inaanguka chooni, inazima chaji, daftari linabaki.
- Simu yenye kamera ya kueleweka, na nafasi ya kuhifadhia.
- WhatsApp iliyofungwa na ile PIN ya tarakimu 6 (ingia mipangilio, akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili). Usimtajie mtu hiyo PIN, hata shemeji.
- Majirani wawili watatu wenye kero hiyo hiyo ambao wako tayari jina lao liandikwe. Kama huna hata mmoja, simama kwanza ujiulize kama hii ni kero ya mtaa au ni ugomvi wako na mtu.
- Nauli ya kwenda ofisini, mara mbili. Ya kwanza utaambiwa mhusika katoka.
- Bando, ila sio kubwa. Kazi kubwa hapa haili bando.

HATUA

1. Chagua kero moja

Moja tu. Watu wanapenda kujaza: maji hamna, umeme unakatika, korosho hatujalipwa, mwenyekiti ana dharau, barabara mbovu. Anayesoma hajui ashike lipi na kila ofisi itasema hilo sio langu. Kama ni pampu ya kisima, iwe pampu ya kisima mpaka ipone.

2. Jua mzigo ni wa nani

Hapa ndo wengi wanapotea. Barabara kwa mfano, mtu anawasema TANROADS wiki nzima kumbe barabara ya kijijini kwao iko chini ya TARURA. TANROADS wana barabara kuu na za mkoa, TARURA wana za wilaya, za mitaani mijini na vijijini. Maji ya vijijini ni RUWASA, ya mjini ni mamlaka ya maji ya mji husika. Korosho unaanzia kwenye AMCOS yako (chama cha msingi cha ushirika), alafu chama kikuu (TANECU kwa Tandahimba na Newala, MAMCU kwa Mtwara na Masasi, RUNALI kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na Lindi Mwambao kwa wa pwani ya Lindi), alafu Mrajis wa Ushirika. Bodi ya Korosho makao yake yako hapa hapa Mtwara, watu wanapita mlangoni wanaenda kulalamika kwa waziri Dodoma.

Hujui? Muulize mtendaji wa kijiji au kata "hili linashughulikiwa na nani" na uandike jibu lake na tarehe. Hata akikujibu vibaya umeshapata kitu cha kuandika.

3. Kusanya ushahidi wako mwenyewe, sio wa kuforwadiwa

Piga picha ikiwa na kitu ambacho mtu wa hapo atakitambua, mwembe wa njia panda, ukuta wa shule, bango la zahanati. Picha ya shimo peke yake inaweza kuwa shimo la popote duniani. Piga moja ya mbali, moja ya karibu. Kwenye daftari andika siku, saa, nani alikuwepo, nani alisema nini.

Sasa nisimulie aibu yangu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja na ile mvua na barabara ya kwenda Dar ikakatika kule Somanga, Kilwa, nilikuwa na ndugu yangu kwenye basi lililokwama. Usiku nikapokea klipu kwenye grupu, lori linasombwa na maji, imeandikwa SOMANGA SASA HIVI. Sikusubiri, nikaitupa Facebook na maneno makali juu ya serikali. Nikapata laiki ambazo sijawahi kupata maishani. Asubuhi kijana mmoja akakoment neno dogo tu: "bro mbona dereva kakaa kushoto?" Nikaangalia tena. Kweli usukani uko kushoto. Hilo sio lori la Tanzania, ni klipu ya nchi nyingine kabisa. Nikafuta, nikaandika samahani, lakini ilishasheyiwa huko na wale wale niliokuwa nawalaumu wakawa na la kusema: mnaona, waongo hawa. Barabara ilikuwa imekatika kweli, watu walikuwa wamelala njiani kweli, na mimi nikawapa mlango wa kutokea.

Kwahiyo angalia usukani. Angalia namba za magari, maandishi ya maduka, sare za askari. WhatsApp ikikuonyesha mishale miwili juu ya meseji maana yake imeshapita mikono mingi sana, hiyo usiiguse. Picha unaweza kuitafuta kwa Google Lens ukaona ilianza kuonekana lini.

4. Barua, na muhuri

Hii hatua ndo watu wanairuka na ndo yenye nguvu kuliko zote. Andika barua ya ukurasa mmoja: kero ni nini, tangu lini, inawaumiza akina nani, mnaomba nini. Chini majina na sahihi. Chapa nakala mbili. Peleka, wakipokea ya kwanza ile ya pili WAIGONGE MUHURI wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo nyumbani. Bila muhuri hukupeleka barua, ulipeleka karatasi.

Kama mnadai taarifa, mfano mapato na matumizi ya kijiji, taja kwenye barua Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inaipa ofisi muda usiozidi siku 30 kukujibu. Na kumbuka mapato na matumizi yanatakiwa yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kwahiyo kama mkutano haujaitishwa miezi na miezi, hiyo tayari ni kero inayoandikika.

Kuna mzee mmoja wa Newala alikuja hapa na risiti ya korosho ameifunga kwenye kipande cha kitenge, wenzake wa mnada ule wote wameshalipwa yeye bado. Mjukuu wake alishaandaa posti tayari, ina neno "wezi" mara sita nilihesabu. Nikamwambia mjukuu tulia kwanza. Tukaandika barua: kilo ngapi, daraja gani, ghala gani, mnada wa tarehe gani, akaunti ya benki gani. Wakagonga muhuri. Mjukuu akaposti picha ya ile barua na sentensi mbili tu, babu anasubiri, tarehe ni hii. Wiki ya pili mzee akapigiwa simu aende na kitambulisho, kumbe jina lake kwenye akaunti limekosewa herufi moja pesa inagonga inarudi. Sasa zile "wezi" sita zingemlaza mjukuu wapi?

Wakenya Juni 2024 kwenye ule Muswada wa Fedha watu wengi wanakumbuka maandamano na waliokufa, ila mimi kilichonikaa kichwani ni kazi ya kabla, vijana walikuwa wanauchambua muswada kipengele kwa kipengele kwenye TikTok, wengine wanautafsiri kwa lugha za kwao. Walisoma kwanza. Sisi barua ya ukurasa mmoja tunaona uvivu.

5. Safisha kabla ya kuweka hadharani

- Funika namba za simu, namba za akaunti, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa). Tumia boksi jeusi kabisa, sio ile kalamu ya kupaka rangi kwenye simu, ile mtu akiongeza mwanga tarakimu zinaonekana chini yake.
- Sura za watoto na wagonjwa zitoe. Mgonjwa wa wodini hajakuomba umtangaze. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inaweza kukugeukia wewe mtetezi.
- Zima "location" kwenye kamera kama picha umepigia nyumbani kwa mtu anayeogopa. Ukituma picha kawaida WhatsApp inaondoa hizo taarifa za mahali, ila ukiituma kama dokumenti zinakwenda nayo.
- Kwenye picha ya barua, waulize waliosaini kama wako tayari majina yaonekane. Asiyetaka mfunike.

6. Andika posti yenyewe

Iwe fupi, mtu aisome akiwa kwenye foleni ya bajaji. Mpangilio: kitu gani, wapi, tangu lini, tumeshafanya nini, tunaomba nini. Mfano mbaya, ambao nimeusoma mara mia:

"Viongozi wa hii kata ni mafisadi wamekula hela za kisima wananchi tunakufa amkeni!!!"

Hapo umemtuhumu mtu wizi na huna karatasi. Mfano mzuri:

"Pampu ya kisima cha kitongoji chetu imeharibika tangu tarehe 3. Tunachota mtoni, kwenda na kurudi ni saa nzima. Tarehe 10 tulipeleka barua, nakala yenye muhuri hii hapa. Tunaomba kujua fundi anakuja lini."

Umeona? Hakuna tusi, hakuna jina la mtu, lakini anayepaswa kujibu hana pa kujificha. Swali la "lini" ni gumu kuliko tusi. Tusi mtu analijibu kwa tusi, au kwa polisi.

ANGALIZO: tofautisha ulichokiona na unachokidhani. "Pampu imeharibika" umekiona. "Hela zimeliwa" unadhani. Unachodhani kigeuze swali: "tunaomba kujua fedha za matengenezo tulizochanga zimetumikaje".

ANGALIZO LA PILI, la kwetu Kusini hasa. Usiweke neno la kuwaita watu wakachome, wakapige, wakafunge njia. Sisi tuliokuwepo hapa 2013 wakati wa vurugu za gesi tunajua. Januari ile na baadaye Mei, siku bajeti ya Nishati iliposomwa bungeni, meseji zilikuwa zinakimbia simu kwa simu, fulani kafa, fulani kakamatwa, nyingine kweli nyingine za kutunga, na hizo ni simu za tochi bado, smartfoni tulikuwa tunaziona kwa wachache. Watu walikufa, nyumba zilichomwa, jeshi likaja. Madai yenyewe yalikuwa ya maana, watu walitaka kujua gesi ya Mnazi Bay ikienda Dar kwa bomba wao wanabaki na nini. Leo ukimuuliza mtu wa nje anakumbuka moshi, swali hakumbuki.

7. Weka wapi

Anza na grupu la WhatsApp la mtaa au kijiji, masaa machache tu, watu wasahihishe. Kama tarehe umekosea watakwambia hapo. Ikishakaa sawa weka Facebook, huku kwetu ndiko wazazi na viongozi wa chini wanashinda. Instagram na TikTok kama una klipu. X (zamani Twitter) ilifungwa nchini Mei 2025, na VPN nazo, zile programu za kupenyea mtandao uliofungwa, TCRA (mamlaka ya mawasiliano) ilishatangaza Oktoba 2023 kwamba wanaozitumia wajisajili, kwahiyo kero ya pampu mimi sioni sababu ya kuipitisha huko, diwani wako hayuko huko. Tafuta na kipindi cha redio ya hapa mkoani, wakisoma barua yenu hewani bibi asiye na simu naye anasikia.

Tagi ofisi, sio mtu binafsi. Mke wa mkurugenzi usimtagi, jamani.

Muda mzuri ni jioni watu wametulia. Ijumaa jioni hapana, ofisi inafungwa mpaka Jumatatu itakuwa imeshazama.

Kama umeanza kunogewa unataka kufungua chaneli ya habari kabisa, hiyo ni habari nyingine, kuna leseni ya TCRA. Kusema kero ya mtaani kwako kwenye akaunti yako ni tofauti na kuendesha televisheni ya mtandaoni.

8. Chunga komenti

Posti yako ikipata watu, matusi yataletwa na wengine chini yake. Futa. Usiseme sio mimi niliyeandika, umekaa kama mwenye nyumba na wageni wanavunja vyombo. Admini wa grupu ni hivyo hivyo, weka sheria mbili tatu juu kabisa na mtu akileta klipu ya ajabu muulize ameitoa wapi, asipojibu toa.

9. Rudi kwenye daftari

Kila baada ya wiki moja andika kilichotokea, hata kama ni "kimya". Posti ya pili iwe na hiyo tarehe: "leo ni siku ya 21". Hizo namba zinazopanda zinaumiza bila kelele.

IKITOKEA HIVI

Hamna anayelaiki. Sio shida, hutafuti umaarufu. Mpelekee mhusika linki moja kwa moja pamoja na picha ya muhuri. Posti yenye laiki nne iliyomfikia mtu mmoja sahihi inatosha.

Mtendaji amekuita. Nenda, usijifiche, na usiende peke yako, chukua yule jirani aliyesaini. Beba kopi ya ile yenye muhuri, yenyewe iache nyumbani. Sikiliza, jibu kwa adabu, mwite mzee kama ni mzee. Mara nyingi anataka kujua tu kwanini hukuanzia kwake, na wewe unayo karatasi inayoonyesha ulianzia kwake.

Polisi wamekupigia simu. Uliza ni kituo gani, afisa gani, wito ni wa nini, na mwambie ndugu kabla hujatoka. Ukifika una haki ya kujua unatuhumiwa nini na kuwa na wakili au ndugu. Ukikamatwa bila hati, sheria inataka ndani ya masaa 24 ufikishwe mahakamani au upewe dhamana kama kosa linadhaminika. Usisaini maelezo ambayo hujayasoma. Wasaidizi wa kisheria wapo wilayani na wanatambulika kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, ukishindwa tafuta LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu) au THRDC (mtandao wa watetezi wa haki za binadamu). Namba zao ziandike kwenye daftari leo, sio siku hiyo.

Nifungue akaunti feki basi? Laini yako imesajiliwa kwa alama za vidole, akaunti feki inakuficha kwa jirani tu. Na kero isiyo na mwenyewe nani ataijibu? Kama jambo ni la hatari kweli, rushwa kubwa mfano, hilo sio la kuposti kabisa, lipeleke TAKUKURU, ipo na sheria ya 2015 ya kuwalinda watoa taarifa.

Akaunti imefungwa, watu wameiripoti. Kata rufaa ndani ya programu yenyewe, alafu mwambie jirani aweke ile posti kwake. Ndo maana picha na barua zisikae simu moja.

Mtu ameigeuza posti yako akaongeza maneno. Piga skrinishoti ya yako na yake, weka zote mbili, andika "ya kwangu ni hii". Usibishane zaidi ya hapo.

Intaneti imezimwa. Ilitokea Oktoba 29, 2025 siku ya uchaguzi mkuu na ikakaa hivyo siku kadhaa, hata mimi biashara ilisimama. Barua yenye muhuri haihitaji bando, endelea na daftari.

Fundi amekuja, pampu inatoa maji. Posti hiyo pia, siku hiyo hiyo, na picha, na asante kwa ofisi iliyoleta fundi. Wengi wanasahau hapa, alafu kero ya pili wakienda wanaonekana ni watu wa kulalamika tu.

Kuchapa barua kwangu ni buku ukurasa, muhuri unaenda kuutafuta mwenyewe. Na majina ya waliosaini leteni yameandikwa kwa kalamu ya wino, ya penseli nimeshakataa mara tatu wiki hii.